Maumivu ya kichwa ndani ya arobaini, na picha iliyorudi safi

Mzazi aliyejifungua salama anaanza kuumwa kichwa. Kila siku ipitayo maumivu huzidi, na akilala ndipo yanapopanda. Kisha macho huingia ukungu, na pengine hushikwa na kifafa. Nyumbani watasema ni jini la uzazi. Atasomewa Qur'ani, nalo ni jambo jema, lakini kisomo si sababu ya kuahirisha safari ya hospitali.

Miongoni mwa maradhi adimu ya siku hizo ni kuganda kwa damu katika vena za ubongo, yaani mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani kwenda moyoni. Ujauzito na wiki sita za mwanzo baada ya kuzaa huifanya damu iwe rahisi kuganda, na upungufu wa maji mwilini huongeza hatari. Damu ikikosa njia, ubongo huvimba, na wakati mwingine huvuja damu.

Daktari atapima kwanza shinikizo la damu, kwa kuwa kifafa cha mimba huweza kumpata mwanamke hata baada ya kujifungua. Aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni naye huumwa kichwa, ila huyo kwa kawaida hupata nafuu akilala.

Ndipo huja picha, na hapa familia nyingi hupumua mapema mno. CT-Scan ya kawaida inaweza kurudi safi ilhali vena imeziba. Kinachofichua ni MRI pamoja na picha ya vena, au CT iliyopigwa baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa. Hapo palipostahili kuonekana damu ikipita huonekana pengo. Basi mume, mama au wifi aliyemsindikiza aulize waziwazi: je, vena zimepigwa picha?

MRI haitumii mionzi ya eksirei bali sumaku yenye nguvu. Bangili, hereni na pini za mtandio huachwa nje, na mwenye chuma mwilini hutaja mapema. Mashine ina kelele nyingi. Mgonjwa huzibwa masikio.

Tiba huanza kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata pale picha inapoonesha damu kidogo imevuja ubongoni, jambo linalowashtua jamaa wengi. Wanaowahi, wengi wao hupona. Heparini haiingii katika maziwa, kwa hiyo mtoto huendelea kunyonya. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni ndivyo mama huyu huambiwa aviepuke.