Uchaguzi wa Serikali za Mitaa: Kadi ya Mpiga Kura Peke Yake Haitoshi

Uchaguzi wa serikali za mitaa, unaofanyika Tanzania kila baada ya miaka mitano, hutofautiana na uchaguzi mkuu kwa ngazi ya viongozi, kwa msimamizi na kwa orodha ya wapiga kura. Novemba 27, 2024, mkazi wa Manispaa ya Musoma au wa Mji wa Bunda alichagua mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya mtaa, ilhali mwanakijiji wa Butiama alichagua mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, yaani sehemu ndogo ya kijiji, na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Diwani hakuwamo, kwa kuwa huchaguliwa pamoja na rais na mbunge.

Wengi hukwama kwenye uandikishaji. Kadi ya mpiga kura hutokana na Daftari la Kudumu linalotunzwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, lakini uchaguzi huu ulisimamiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, iliyoandaa orodha yake kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Hivyo raia mwenye miaka 18 au zaidi ambaye hakujiandikisha kwenye kitongoji au mtaa anaoishi hakuweza kupiga kura, hata kama kadi yake ilikuwa mpya.

Mgombea naye hutakiwa awe na umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na kipato halali na adhaminiwe na chama cha siasa. Sharti la chama, linalomfungia nje mgombea binafsi, lilipingwa hadharani na Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa linakiuka haki, lakini lingali linatumika.

Nafasi hizi si ndogo, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Kwa hiyo anayetaka kumchagua atakayesimamia shamba na malisho yake ajiandikishe mapema anakoishi, kisha aikague orodha inapobandikwa, wakati kasoro bado zinaweza kurekebishwa.