Suruali ya Kazi Hufia Gotini

Mnunuzi wa suruali ya kazi, awe Hamburg au Kariakoo, huanza kwa jambo lile lile: huikamata nguo pajani, akaifinya kwa vidole viwili na kupima unene wake. Akiridhika kwamba kitambaa ni kizito, anatoa pesa. Kasoro ya kipimo hicho ni kwamba paja ndilo eneo linaloumia kidogo kuliko yote. Chukua suruali yoyote iliyostaafishwa na fundi vigae, seremala au fundi bomba, uitandaze mezani. Paja lingali zima, rangi imepauka tu. Magoti yametoboka, msamba umeachia, midomo ya mifuko imechanika pale koleo na rula zilipokuwa zikiingia na kutoka, na pindo la nyuma limeliwa kwa kukanyagwa na kisigino. Suruali haichakai yote kwa pamoja. Hufa sehemu nne au tano, na kwa wengi goti hutangulia. Kwa hiyo anayetaka suruali ya kudumu aulize kwanza ugumu wake umewekwa wapi, kisha ajiulize kama kazi yake itaishambulia hapo hapo. Mafundi na washonaji wa Ulaya wamelijibu swali hilo kwa njia mbili zisizofanana, na tofauti yake inafundisha zaidi kuliko jina lililoandikwa kiunoni.

Njia ya kwanza ni ya zamani: fanya suruali nzima iwe ngumu. Mfano wake ulio hai hadi leo ni vazi la maseremala wa Ujerumani, hasa vijana waliomaliza uanagenzi na kuamua kufuata desturi ya kuzunguka wakifanya kazi kwa miaka 3 na siku 1, bila kusogelea mji wa kwao ndani ya kilomita 50. Suruali yao nyeusi hushonwa kwa kodrai nene au kwa pamba iliyofumwa kwa kubanana sana, ambayo mara nyingi huzidi gramu 400 kwa mita ya mraba. Miguu yake hupanuka kuelekea chini hadi ikafunika kiatu. Mtu wa mjini anaweza kudhani ni urembo, lakini upana huo hufanya vumbi la mbao na maranda yaangukie nje badala ya kujaa kiatuni. Ubavuni mwa mguu kuna mfuko mwembamba wa rula ya kukunja. Wafaransa nao walikuwa na pamba yao nzito ya buluu, na mpaka leo ipo kampuni ya Lafont, iliyoanzishwa Lyon mwaka 1844, inayotengeneza nguo za kazi. Sifa kubwa ya pamba ya namna hii ni kwamba cheche ikiangukia juu yake haiyeyuki. Huungua kidogo na kuacha alama. Sifa ya pili ni kwamba mshonaji yeyote anaweza kuitia kiraka cha kitambaa kile kile ikaendelea kutumika. Gharama yake ni uzito. Ikilowa mvua hunywa maji, huvuta kiuno chini, na huchukua muda mrefu kukauka.

Njia ya pili ilikomazwa Skandinavia katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kampuni ya Blåkläder ya Uswidi ilianza mwaka 1959, na Snickers Workwear ilianzishwa mwaka 1975 na Matti Viio, fundi umeme ambaye hakuridhishwa na nguo za kazi alizozikuta sokoni. Wazo lao, na la wenzao waliofuata, ni kwamba mwili wa suruali unaweza kuwa mwepesi kiasi, tuseme gramu 250 hadi 300 za mchanganyiko wa poliesta na pamba, mradi sehemu zinazokufa ziongezewe nguvu. Gotini huwekwa kipande cha pili cha nailoni ngumu, aghalabu ile ya jina la Cordura. Kipande kama hicho hurudiwa chini ya mifuko na kwenye pindo la nyuma. Mishono mirefu ya miguu hupitishwa nyuzi tatu. Msambani, mahali panapovutwa kila fundi anapopanda ngazi, huongezwa kipande cha kitambaa ili mishono minne isikutane kwenye nukta moja. Halafu ipo mifuko ya misumari inayoning'inia nje ya nguo. Wengi huiona kama mbwembwe. Kwa maoni yangu ndiyo werevu mkubwa wa suruali hizi, kwa kuwa mfuko unaoning'inia ukitobolewa na misumari huchanika wenyewe, na paja chini yake linabaki salama. Mshonaji ameamua mapema kitu gani kife badala ya kingine.

Goti ndilo linaloamua mabishano haya, na kwa sababu mbili, maana pale nguo na mwili huchakaa pamoja. Tangu mwaka 2009 Ujerumani imeweka ugonjwa wa kulika kwa maungio ya goti katika orodha ya magonjwa ya kazi, kwa sharti kwamba mfanyakazi awe amepiga magoti au kukaa katika mkao unaofanana na huo kwa jumla ya saa 13,000 katika maisha yake ya kazi, na si chini ya saa 1 kwa zamu. Saa hizo zinaonekana nyingi hadi uzipigie hesabu. Fundi vigae anayepiga magoti saa 4 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, anazifikisha kwa miaka 13. Kama alianza na umri wa miaka 20, hajafika hata 35. Ndiyo maana kipande cha goti katika suruali bora huwa ni mfuko, wenye mdomo wa kuingizia sponji maalumu. Ulaya ina kiwango cha sponji hizo, EN 14404. Daraja la 0 ni la sakafu tambarare na halidai kinga dhidi ya vitu vyenye ncha. Daraja la 1 linadai sponji isitobolewe kwa nguvu ya nyutoni 100, sawa na uzito wa takriban kilo 10 juu ya ncha. Daraja la 2, la mazingira magumu kama kokoto na mawe, linadai nyutoni 250. Jambo ambalo wanunuzi hulisahau ni kwamba sponji na suruali hupimwa kwa pamoja. Sponji nzuri katika mfuko uliokaa chini mno hulinda mfupa wa ugoko na kuliacha goti lenyewe kwenye zege. Kwa hiyo suruali ya kazi haijaribiwi mtu akiwa amesimama mbele ya kioo. Ipigie magoti hapo hapo dukani: nguo huvutika, sponji huhama, na ndipo utajua imeangukia wapi. Nyingine zina mfuko wenye nafasi mbili, ya juu na ya chini, ili mrefu na mfupi wote wapate mahali pao.

Atakayepinga atasema jinzi ilikwisha kuitatua kazi hii zamani, tena kwa ribiti za shaba pembeni mwa mifuko. Kwa mtu anayefanya kazi amesimama, sina ubishi naye. Jinzi nzito ina gramu 400 na zaidi kwa mita ya mraba na inatosha kabisa kwa mpakia mizigo au dereva. Kwa anayepiga magoti, uzito wote huo umetawanywa mwili mzima, na gotini pana tabaka moja tu, sawa na paja lisiloguswa na kitu. Mwingine atasema joto, na hoja hiyo ni nzito zaidi, hasa Mombasa au Tanga. Hata hivyo joto linaipinga zaidi njia ya kwanza kuliko ya pili. Anayeweka ugumu sehemu chache anaweza kupunguza unene kwingine kote. Poliesta hainywi jasho kama pamba, ni kweli, lakini hukauka upesi na hustahimili msuguano zaidi. Mchanganyiko wa hizo mbili ni suluhu ya kati ambayo wengi huizoea.

Takwimu za maabara nazo zisimtishe mtu. Watengenezaji hupenda kutaja kipimo cha Martindale, ambacho mashine yake husugua kipande cha kitambaa kwa mizunguko kwa kutumia kitambaa cha sufu, mpaka nyuzi mbili zikatike. Kinafaa kulinganisha vitambaa viwili. Ila sakafu ya zege na bati la paa si sufu, wala mashine hiyo haipimi mshono, na mshono huachia mara nyingi kabla ya kitambaa.

Hoja ya bei inastahili jibu la kweli. Suruali inayouzwa mara tatu ya bei ya jinzi ina faida ikiwa tu itadumu zaidi ya mara tatu, na kwa asiyepiga magoti haitafika huko. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kununua miaka miwili ya mbele kwa pesa ya leo, hata kama hesabu inamruhusu. Lakini suruali hizi hizi huja Afrika Mashariki ndani ya marobota ya mitumba, na katika masoko ya Gikomba au Karume mtu anaweza kuziona zikining'inia na mifuko yake ya goti ikiwa mitupu, kwa kuwa mwenye nazo wa kwanza alibaki na sponji. Hapo ukaguzi wa sehemu zinazokufa ndio wenye faida kubwa kuliko popote: angalia goti kwa ndani, uvute msamba kwa mikono miwili, upitishe kidole kwenye pembe za mifuko. Na asiyeipata hata hiyo anaweza kumpelekea fundi cherehani suruali ya kaki na kipande cha turubai, amshonee mfuko gotini uliofungwa pande tatu na kuachwa wazi upande mmoja. Haitakuwa na cheti, lakini itafuata kanuni ile ile.

Kanuni hiyo ina mipaka, na mipaka yenyewe ni ya usalama. Mchomeleaji na mkata vyuma hawafai kuvaa nailoni na poliesta, kwa maana cheche huziyeyusha zikaganda ngozini. Kwao pamba nzito, au nguo iliyopimwa kwa kiwango cha EN ISO 11611, ndiyo sahihi, tena isiyo na pindo la kukunjwa nje ambalo hunasa cheche. Pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto huharibiwa na jiki, hivyo mtumba wa aina hiyo hauna wa kuudhamini. Nguo za rangi kali zenye mistari ya kuakisi mwanga nazo hupoteza rangi kwa jua na kufuliwa. Iliyopauka ni suruali ya kawaida tu, na dereva wa usiku hatamwona aliyeivaa kwa umbali aliotarajia. Kisha kuna suruali za wakata miti kwa msumeno wa mnyororo. Ndani yake mna tabaka za nyuzi ndefu zisizobanwa, ambazo mnyororo ukigusa huzivuta, zikajisokota kwenye gia na kuusimamisha. Hupimwa kwa kasi ya mnyororo ya mita 20, 24 au 28 kwa sekunde kulingana na daraja. Ikishakatwa mara moja hadi ndani, suruali ya namna hii haishonwi, hutupwa. Fundi cherehani akipitisha sindano kwenye tabaka hizo ili abane kiraka, atakuwa amezifunga nyuzi zilizotakiwa kubaki huru, na mteja wake ataondoka na suruali inayoonekana nzima ambayo msumeno utaipita.