Kashata Moja Huita Nyingine

Ni nani kati yetu hajawahi kuficha kashata kabatini, nyuma ya kopo la unga, ili watoto wasizione? Tunangoja walale, tunakula moja. Kisha ya pili. Asubuhi sahani imebaki chenga tu, nasi tunawaonya wanetu kwamba pipi huharibu meno!

Kashata yenyewe si adui. Nazi, karanga na iliki ni vyakula vizuri. Shida ni wingi wa sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 6 hivi vya chai kwa siku kwa mtu mzima. Vikombe viwili vya chai yenye vijiko vitatu vimekwisha maliza hesabu hiyo, kabla hatujagusa kashata! Na wengi wetu tumemuuguza mama au shangazi mwenye kisukari. Tunajua uzito unaozidi huukaribisha ugonjwa huo.

Tufanye nini basi? Tusianze kula kashata tukiwa na njaa au uchovu. Huenda mwili unadai chakula au usingizi. Tukizipika, tuzikate ndogo ndogo, na nyingine tumpelekee jirani siku hiyo hiyo.

Zaidi ya yote, tule mezani, mchana, pamoja na watoto. Kinacholiwa kwa siri hakina kipimo. Wakituona tumekula moja na kufunika bakuli, watajifunza kiasi bila kuhubiriwa.