Je, Wajua? Mkubwa Ana Haraka, Kamera Iko Tayari

Je, wajua kwamba picha mashuhuri kuliko zote za Winston Churchill ilipigwa kwa kufumba na kufumbua? Tarehe 30 Desemba 1941 alikuwa ametoka kuhutubia Bunge la Kanada, Ottawa. Yousuf Karsh, Muarmenia mzaliwa wa Mardin, alikuwa ameshatega taa zake katika chumba cha Spika. Churchill hakuwa na habari. Alikereka, akawasha sigara yake nene, akakubali picha moja tu. Karsh akamsogezea kisahani cha majivu, wapi! Basi akaomba radhi, akaichomoa ile sigara mdomoni mwa Waziri Mkuu wa Uingereza, akarudi kwenye kamera na kufyatua. Uso ule uliokunjamana, ambao dunia iliuona kuwa ni ukaidi wa taifa mbele ya Hitler, ni wa mzee aliyenyang'anywa sigara. Tangu 2016 umo kwenye noti ya pauni 5.

Je, wajua kwamba Septemba 2009 mpiga picha Platon aliwanasa viongozi zaidi ya 100, akiwemo Muammar Gaddafi, katika siku chache za Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa? Alijitengea kona karibu na ukumbi, na kila aliyepita akamwomba akae kidogo.

Lililo karibu nasi zaidi ni la mpiga picha Mjerumani Robert Lebeck. Mwishoni mwa Juni 1960 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, ambaye serikali yake ilikuwa bado inaitawala Burundi, alikuwa akipita Léopoldville, Kinshasa ya leo, ndani ya gari la wazi pamoja na Rais Kasavubu wa Kongo. Msafara wa mfalme haumsubiri mpiga picha. Ghafla Mkongomani mmoja aliyevaa suti na tai, Ambroise Boimbo, akaunyakua upanga wa mfalme na kutimua mbio. Alikamatwa papo hapo, lakini Lebeck alikuwa ameshafyatua. Kwangu mimi picha hii inaipita ile ya Churchill: mfalme amesimama nyuma, na raia ndiye aliye mbele.

Na huku kwetu Burundi, kwa mfano Nyamugari, mkubwa akija kushika jembe Jumamosi ya kazi za maendeleo, atalima dakika chache kisha huyo, garini. Ukimfuata nyuma utaambulia migongo ya walinzi. Wapiga picha wajuzi hutangulia. Humuuliza mtu wa itifaki mgeni atasimama wapi, humsimamisha mwenzao palepale kujaribu mwanga, na hutazama kofia: jua likishapanda, ukingo wake huyafunika macho kwa kivuli kizito, hivyo flashi ndogo huwashwa hata mchana. Kisha hufyatua mfululizo, kwa sababu binadamu hupepesa macho mara 15 hadi 20 kwa dakika, na akiwa anazungumza huzidisha.