Gari Moshi Lisiloshika Kutu

Neno "gari moshi" limedumu katika lugha ya Kiswahili hata baada ya moshi wenyewe kupungua. Injini za mvuke zilizolipa gari hilo jina lake zimekwisha kuondoka katika njia nyingi za reli duniani, na mahali pake pamechukuliwa na injini za dizeli na za umeme. Lakini mageuzi hayo hayakuja kwa siku moja, wala hayakuja bila ya mashaka. Ushahidi wake mmoja umesimama katika ukumbi ulio chini ya ardhi mjini Chicago, Marekani, katika Makumbusho ya Sayansi na Ufundi. Nalo ni gari la abiria liitwalo Pioneer Zephyr, lenye mwili wa chuma kinachong'aa kama fedha, lililotengenezwa mwaka 1934.

Watu wengi wanaolitazama huambiwa habari ya siku moja lilipokimbia kupita kiasi. Habari hiyo ni ya kweli, lakini si sababu pekee ya gari hilo kustahili kutunzwa. Baada ya siku hiyo lilifanya kazi kwa muda wa miaka 25 na zaidi, likaenda zaidi ya maili milioni 3, yaani zaidi ya kilometa milioni 4.8. Hapo ndipo lilipothibitisha kwamba dizeli si mchezo wa maonyesho.

SHIDA ILIYOLETA SHAURI JIPYA

Mwaka 1929 biashara ilianza kuanguka vibaya katika Marekani, na mamilioni ya watu wakakosa kazi. Kampuni za reli ziliumia mara mbili. Kwanza, watu walikuwa hawana fedha za kusafiria. Pili, wale waliokuwa nazo walizidi kununua motokaa zao wenyewe. Magari ya abiria yalikwenda na viti vitupu, na huku gharama za makaa, maji na mafundi zikabaki vile vile.

Bwana Ralph Budd, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya reli ya Chicago, Burlington na Quincy, alitaka gari jepesi, la kupendeza, na lisilokula gharama nyingi. Alipata mwili wa gari hilo katika kiwanda cha Edward G. Budd cha Philadelphia. Moyo wake, yaani injini, aliupata kwa kampuni ya Winton, iliyokuwa chini ya General Motors.

NAMNA DIZELI INAVYOFANYA KAZI

Injini ya mvuke huchoma makaa au mafuta nje ya silinda ili kuchemsha maji, na mvuke wa maji hayo ndio unaosukuma pistoni. Kwa hiyo ni lazima moto uwashwe saa nyingi kabla ya safari. Njiani gari husimama mara kwa mara kutia maji, na mwisho wa safari majivu hayana budi kuondolewa. Sehemu kubwa ya joto hupotea hewani pamoja na moshi.

Injini ya dizeli haihitaji tanuru wala maji ya kuchemsha. Pistoni hugandamiza hewa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi mno, hata hewa hiyo ikapata joto kali. Ndipo mafuta yanaponyunyizwa ndani yake, nayo hushika moto yenyewe pasipo cheche ya umeme. Moto huo ndio unaosukuma pistoni. Katika gari la Zephyr, injini haikuzungusha magurudumu moja kwa moja. Ilizungusha mtambo wa kutoa umeme, na umeme huo ukapelekwa katika mota zilizofungwa kwenye magurudumu.

Injini za dizeli zilikuwako zamani, lakini nyingi zilikuwa nzito mno kwa uwezo zilioutoa. Zilifaa melini na viwandani, wala hazikufaa gari jepesi la kwenda mbio. Mafundi wa General Motors, wakiongozwa na Bwana Charles Kettering, walishughulika kupunguza uzito huo. Mwaka 1933 injini zao za majaribio zilitoa umeme katika maonyesho makubwa ya Chicago. Mara kwa mara ziliharibika, na mafundi wakakesha usiku wakizitengeneza ili zifanye kazi mchana. Bwana Budd aliziona, akafahamu taabu zake, na hata hivyo akaagiza injini ya namna hiyo. Ile aliyoletewa ilikuwa na silinda 8 na nguvu za farasi 600.

MWILI WA CHUMA KINACHONG'AA

Kiwanda cha Philadelphia kilitengeneza mwili wa gari kwa chuma cha pua kisichoshika kutu, yaani chuma kilichochanganywa na madini ya kromiamu na nikeli. Chuma hicho kina nguvu nyingi, kwa hiyo huweza kutumiwa kikiwa chembamba, na hakihitaji kupakwa rangi. Shida yake ilikuwa katika kukiunganisha. Kikichomelewa kwa njia ya kawaida, joto huharibu ule uwezo wake wa kukataa kutu. Mafundi wa kiwanda wakavumbua njia ya kupitisha umeme mkali kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko kupepesa jicho, hata vipande vikashikamana kabla joto halijaenea.

Mabehewa yake yalikuwa matatu, yenye urefu wa futi 197 kwa jumla, karibu meta 60. Kila mabehewa mawili yaliegemea kigari kimoja cha magurudumu mahali yalipokutana, badala ya kila behewa kuwa na vigari vyake viwili. Kwa njia hiyo gari zima lilikuwa na uzito wa takriban tani 100 tu. Lilichukua abiria 72, pamoja na barua na mizigo.

SIKU MOJA YA MEI, 1934

Tarehe 26 Mei, 1934, gari hilo liliondoka Denver alfajiri, likakusudia kufika Chicago kabla ya usiku bila ya kusimama. Mwendo huo ni maili 1,015, yaani kilometa 1,633, kama mara tatu ya njia ya zamani ya reli kutoka Mombasa hadi Nairobi. Magari ya kawaida yalitumia kiasi cha saa 26.

Safari ilikuwa karibu kuvunjika. Siku moja kabla yake, beringi ya mota mojawapo ilionekana kuwa imepasuka, ikabidi nyingine itafutwe kwa haraka. Tena, gari likiwa katikati ya safari, waya mmoja uliungua na injini ikazimika. Gari likaendelea kuteremka kwa uzito wake huku mwendo ukizidi kupungua. Fundi mmoja alishika ncha mbili za waya uliokatika akaziunganisha kwa mikono yake. Umeme ulimwunguza, lakini injini ikawaka tena kabla gari halijasimama.

Zephyr lilifika Chicago kwa saa 13 na dakika 5. Mwendo wake wa wastani ulikuwa maili 77.6 kwa saa, karibu kilometa 125, na mahali fulani lilifikia maili 112.5, yaani kilometa 181 kwa saa. Ni haki kusema pia kwamba njia ilisaidia. Denver iko juu sana kuliko Chicago, magari mengine yaliondolewa njiani, na walinzi waliwekwa penye makutano ya reli na barabara. Hata hivyo hakuna gari lililopata kwenda masafa kama hayo kwa mbio kama hizo pasipo kusimama.

MIAKA YA KAZI ISIYO NA VIGELEGELE

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," husema wahenga. Maelfu ya watu walilishangilia Zephyr kwa sababu lilikuwa jipya. Swali la kampuni lilikuwa jingine: je, litaweza kufanya kazi kila siku, katika baridi ya theluji na joto la kiangazi, na kuleta faida?

Tarehe 11 Novemba, 1934, gari hilo liliingia katika kazi ya kawaida kati ya Kansas City, Omaha na Lincoln. Abiria waliongezeka hata viti havikutosha, na mwaka 1935 likaongezewa behewa la nne. Kampuni ikaagiza magari mengine ya namna hiyo, na lile la kwanza likapewa jina la Pioneer Zephyr, maana yake Zephyr Mtangulizi.

Kazi hiyo pia ilifunua upungufu wake. Kwa kuwa injini na mabehewa vilikuwa kitu kimoja, injini ikiharibika gari zima lililala. Tena haikuwa rahisi kuongeza mabehewa siku za abiria wengi, wala kuyapunguza siku za abiria wachache. Kwa hiyo magari yaliyofuata yalipewa injini za dizeli zinazojitegemea, ambazo huweza kufungwa na kufunguliwa. Hivyo Zephyr lilifundisha kwa makosa yake kama lilivyofundisha kwa ushindi wake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, kampuni kubwa za reli za Marekani zilikuwa karibu zote zimeacha mvuke.

Mwaka 1960 gari hilo likaondolewa kazini. Tarehe 26 Mei ya mwaka huo, miaka 26 kamili tangu ile safari ya Denver, lilikabidhiwa kwa makumbusho ya Chicago.

YALIYOPOTEA NA YALIYOPONA

Si magari yote ya zama zile yaliyopata bahati hiyo. Mwaka huo huo wa 1934, kampuni ya reli ya Union Pacific ilikuwa imetangulia kuonyesha gari lake jepesi lililoitwa M-10000. Mwili wake ulikuwa wa alumini, na injini yake haikuwa ya dizeli, bali ya mafuta mepesi yanayowashwa kwa cheche. Vita vilipokuja, alumini ilihitajiwa sana, na mwaka 1942 gari hilo likavunjwa. Lilikuwa limefanya kazi kwa miaka michache tu, na leo halipo.

Ujerumani ilikuwa na gari lake la dizeli lililoitwa Fliegender Hamburger, lililoanza kwenda kati ya Berlin na Hamburg mwaka 1933. Mwendo wa kilometa 286 lilikwenda kwa dakika 138. Lilidumu mpaka mwaka 1957, lakini lililobaki katika makumbusho ya reli ya Nürnberg ni sehemu yake tu.

Gari la Flying Yankee, ndugu wa Zephyr kwa kiwanda na kwa umbo, lilifanya kazi katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani tangu mwaka 1935 hadi 1957. Baadaye lilikaa Massachusetts kwa miaka mingi, kisha likapelekwa New Hampshire mwaka 1993. Matengenezo yakaanza, yakasimama kwa upungufu wa fedha. Gari jingine, Mark Twain Zephyr la mwaka 1935, liliacha kazi mwaka 1958, likapita katika mikono ya wenyeji mbalimbali. Mwaka 2020 lilipelekwa Trego, katika jimbo la Wisconsin, ili litengenezwe hata liweze kwenda tena.

KUTUNZA NI KAZI

Mtu aweza kudhani kwamba gari la chuma kisichoshika kutu hujitunza lenyewe. Sivyo. Bati la nje hudumu, lakini ndani yake mna waya, mpira, vitambaa, vioo, na vipande vya chuma cha kawaida, navyo vyote huoza. Pioneer Zephyr lilikaa nje ya makumbusho tangu mwaka 1960 hadi 1994, katika mvua na theluji ya Chicago, huku wageni wasiohesabika wakipanda na kushuka. Mwaka 1994 likapelekwa kwa mafundi wa Milwaukee, likatengenezwa kwa miaka kadhaa, kisha likarudishwa na kuwekwa katika ukumbi uliojengwa chini ya ardhi, mahali ambapo mvua haifiki.

Watunzaji wa vyombo vya kale hukabiliwa na shauri gumu. Gari likiachwa limesimama, vifaa vyake vya asili husalia, lakini watu hawaisikii sauti ya injini wala hawaoni namna ilivyofanya kazi. Likiendeshwa, huwa hai. Lakini kila safari hula beringi, pistoni na waya, na vipya vikitiwa, cha asili hupungua kidogo kidogo. Wa Chicago wamechagua njia ya kwanza. Wa Trego wamechagua ya pili. Kila mmoja ana hoja yake, na njia zote mbili hudai fedha, mafundi na subira.

Jambo moja halina ubishi. M-10000 lilipovunjwa, hapakuwa na njia ya kulirudisha, hata kama ingepatikana fedha ya namna gani. Chombo kilichochakaa chaweza kungoja fundi. Kilichoyeyushwa hakingoji mtu. Kwa hiyo wakati wa kufikiri juu ya kutunza ni pale chombo kinapoacha kazi, wakati watu wengi hukiona kuwa ni takataka tu. Mwaka 1960 wangeweza kuliuza Zephyr kwa thamani ya chuma chake. Hawakufanya hivyo, na kwa ajili hiyo mtoto anayeingia katika ukumbi ule huweza kugusa kwa mkono wake mwanzo wa gari moshi lisilohitaji maji wala makaa.