Ipe Samani Kuukuu Sura Mpya kwa Rangi ya Chaki

Je, una kabati kuukuu lililofichwa stoo kwa sababu unaona aibu kuliweka sebuleni? Ama umeona mnadani meza imara ya bei nafuu, ukaipita kwa kuwa rangi yake imebabuka? Mpenzi msomaji, usikate tamaa mapema. Samani nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mbao ngumu, ilhali nyingi mpya za bei rahisi ni za unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi, ambao ukilowa huvimba na kumeguka. Kwa gharama ndogo na kazi ya siku 2 au 3, mama anaweza kuupendezesha mji wake. Lakini yako mambo ya kuangalia kwanza, na moja kati yake linahusu afya ya watoto.

RANGI YA CHAKI NI NINI?

Rangi hii ilianzishwa mwaka 1990 na Annie Sloan, mtaalamu wa rangi wa Oxford, Uingereza, aliyeiuza kwa jina la Chalk Paint. Alitaka rangi ambayo ingeshika juu ya rangi au vanishi ya zamani bila kazi kubwa ya kukwangua. Ikikauka haing'ai, bali huwa laini na yenye kufifia kama ubao wa shule. Asiyeipata dukani anaweza kujichanganyia inayofanana nayo, kama tutakavyoona.

KABLA YA KUNUNUA

Itikise samani. Viungo vilivyolegea hurekebishwa kwa gundi ya mbao, lakini mguu uliooza hautaponywa na rangi. Chungulia chini na nyuma: ukiona vitundu vidogo na unga laini unaodondoka, wadudu bado wamo ndani. Angalia pia kunguni kwenye nyufa na pembe za droo. Ukiona madoa meusi kama vituo vya kalamu, iache hapo hapo, usije ukaingiza balaa chumbani.

Kisha itambue mbao yenyewe. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana. Ikiwa ni mninga au mvule, na haijaharibika, fikiri mara mbili kabla ya kuifunika. Mninga huchukua miaka mingi sana kukomaa porini, na uzuri wa mistari yake hauna rangi ya kuushinda. Samani ya namna hiyo isafishe, uipake vanishi mpya. Rangi ya chaki iwe kwa mbao za kawaida, zilizojaa madoa, au zilizokwisha kupakwa rangi tangu zamani.

HATARI ILIYOJIFICHA

Hapa, akina mama, naomba tusikilizane. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na kudumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi za Afrika ziliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, yakampunguzia uwezo wa kujifunza, nayo ni hatari pia kwa mimba.

Kwa kuitazama rangi tu huwezi kujua kama ina risasi. Kwa hiyo, rangi yoyote ya zamani usiyoijua asili yake ihesabu kuwa inayo. Usiipige msasa ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto, kwa maana vumbi na moshi wake ndivyo viingiavyo mwilini. Fanya kazi nje, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Tandika karatasi ya nailoni, vaa glavu, uilowanishe samani kwa maji ya sabuni, na utumie msasa wa maji. Mabaki yafunge uyatupe, usiyafagie. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kama rangi inabanduka vipande vipande kila mahali, mwachie fundi anayeifahamu hatari hiyo. Kitanda cha mtoto mchanga chenye rangi ya zamani usikipake upya: mtoto hutafuna ukingo, na rangi mpya haiondoi ile ya chini.

MAHITAJI

Kikombe 1 cha rangi ya maji ya ukutani
Thuluthi 1 ya kikombe cha plasta ya Paris, yaani unga wa jasi iliyochomwa
Thuluthi 1 ya kikombe cha maji baridi
Brashi, msasa laini, vitambaa safi vya pamba
Nta ya samani, au vanishi ya maji isiyo na rangi

Usitumie chokaa ya kupaka kuta badala ya plasta. Chokaa hiyo huunguza ngozi na macho.

NAMNA YA KUFANYA

1. Osha samani kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta ya mikono na moshi wa jikoni. Iache ikauke kabisa.

2. Ziba mashimo kwa puti. Penye kung'aa sana pasugue kwa msasa uliolowanishwa ili rangi ipate pa kushika.

3. Mbao nyekundu hutoa madoa ya kahawia yanayopenya rangi nyeupe. Ipake kwanza mkono mmoja wa shelaki, ile watumiayo maseremala.

4. Ziba pua na mdomo, kisha koroga plasta na maji mpaka mabonge yaishe, ndipo uongeze rangi. Changanya ya kutosha kazi ya saa moja tu, kwa sababu huganda. Yanayobaki usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba.

5. Paka mikono 2 myembamba, ukiacha wa kwanza ukauke. Ukipenda sura ya kizamani, sugua pembe kidogo kwa msasa, lakini pale tu unapojua hakuna rangi ya zamani chini yake.

6. Baada ya siku moja, paka nta kwa kitambaa, kisha futa hadi ing'are kidogo. Hatua hii usiiruke: rangi ya chaki hunyonya maji na madoa.

Kwa meza ya chakula, vanishi ya maji mikono 2 ni bora kuliko nta, kwani nta haivumilii sufuria ya moto. Ukitengeneza nta mwenyewe kwa nta ya nyuki na tapentaini, yeyusha nta ndani ya bakuli juu ya maji ya moto, uiepue, uende mbali na jiko ndipo utie tapentaini. Tapentaini hushika moto upesi.

Usiweke vitu vizito juu ya samani hiyo kwa wiki chache za mwanzo, wala usiisugue kwa nguvu. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Anza na kitu kidogo, kama stuli au fremu ya kioo, mkono uzoee. Kabati litafuata.