Miaka Miwili Ughaibuni: Begi Liwe Jepesi, Maandalizi Yawe Mazito

Mikataba mingi ya kazi katika nchi za Ghuba ni ya miaka miwili. Ukishaambiwa miaka miwili, moyo unakutuma ubebe nyumba nzima: blanketi, sufuria, unga, na viatu vya kila sherehe. Halafu unafika JKIA, begi linawekwa kwenye mzani, na unaanza kutoa vitu kimoja kimoja huku foleni ikikutazama.

Sisi tunaowahudumia wateja walio Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu tumejifunza jambo moja. Hakuna anayetupigia simu kwa sababu alisahau sufuria. Wanapiga kwa sababu laini ya Kenya imefungwa, namba ya siri imesahaulika, au pesa waliyotuma nyumbani haikufanya kazi iliyokusudiwa. Mambo hayo hayapakiwi kwenye begi. Hupangwa kabla ya safari, ukiwa bado hapa.

Pakia nguo za wiki moja

Kwanza soma tiketi yako. Mashirika mengine ya ndege huhesabu kilo, mengine huhesabu idadi ya mabegi. Pima begi nyumbani au kwa jirani mwenye mzani, usingoje kupimiwa uwanjani.

Nguo za wiki moja zinatosha, maana utafua. Chukua za pamba, nyepesi, zinazofunika mabega na magoti. Kiangazi cha Doha na Dubai hupita nyuzi 40 za joto. Lakini usidanganyike ukaacha sweta: usiku wa Januari mjini Riyadh una baridi ya kweli, na ndani ya majengo mengi AC huwaka siku nzima.

Adapta ya umeme unaweza kuiacha. Soketi za nchi hizo kwa kawaida ni za pini tatu bapa kama zetu, kwa hivyo charja yako itaingia. Blanketi, sabuni na vyombo vinauzwa huko. Power bank iweke kwenye begi la mkononi, kwa kuwa hairuhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Mafuta na losheni za begi la mkononi ziwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100 kila moja.

Visivyofaa kuingia kabisa

Miraa, ambayo hapa ni biashara halali, ni dawa ya kulevya kwa sheria za Saudia na Falme za Kiarabu. Hata kishada kidogo cha kumpelekea rafiki kinaweza kukufunga. Dawa za maumivu zenye codeine au tramadol nazo zinadhibitiwa vikali. Kama daktari amekuandikia dawa, beba cheti chake, iache dawa ndani ya pakiti yake, na uulize ubalozi wa nchi unayokwenda kama inahitaji kibali.

Kisha kuna mzigo wa watu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani ukiwa wa mwingine unauona mwepesi. Uwanja wa ndege ni kinyume chake. Kifurushi ulichopewa kimefungwa, ukiambiwa ni zawadi ya dada yake fulani, kikifunguliwa ni chako na makosa yake ni yako. Kataa kwa upole, lakini kataa.

Laini yako ya Kenya ndiyo mzigo wa thamani

Laini isipotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba yake inaweza kupewa mteja mwingine. Fikiria maana yake: benki, chama, na akaunti zako za mtandaoni zote hutuma ujumbe wa kuthibitisha kwa namba hiyo. Kuirudisha ukiwa mbali ni kazi ngumu, kwa sababu kubadilisha laini kunahitaji wewe na kitambulisho chako.

Kwa hivyo, kabla ya kuondoka:

– Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako. Wengi hutumia laini ya mjomba au ya mume kwa miaka bila shida, mpaka siku inapopotea.

– Tumia simu ya laini mbili. Laini ya Kenya ikae upande mmoja, ya huko ikae wa pili.

– Washa roaming ukiwa bado hapa, na uzime data ya laini ya Kenya ili salio lisiishe kwa picha na video.

– Itumie laini hiyo mara kwa mara. Ujumbe mmoja au muamala mdogo kila mwezi huiweka hai.

– Badilisha namba ya siri, uikariri. Usiiandike nyuma ya kitambulisho wala kuihifadhi kwenye simu.

Pesa ya nyumbani ipangwe mapema

Hapa ndipo undugu huvunjika. Msafiri anaachia laini na namba ya siri kwa mtu anayemwamini, halafu anatuma mshahara kwa namba hiyo. Miaka miwili baadaye anarudi na kukuta kiwanja hakijanunuliwa. Kila shilingi ilitoka kwa namba ya siri aliyoitoa mwenyewe, na kudai inakuwa vigumu.

Njia salama ni kulipa mwenye haki moja kwa moja. Karo iende kwa paybill ya shule na namba ya mwanafunzi. Tokeni za stima, kodi ya nyumba na mchango wa SHA wa wazazi pia hulipwa hivyo, na risiti inakujia wewe. Pesa ya matumizi mtumie mama kwenye laini yake, kiasi mlichokubaliana na tarehe mliyokubaliana. Yako ya akiba ikae kwenye akaunti ambayo ni wewe tu unaweza kuifungua.

Usisahau KRA. Ukiwa na PIN yao, ritani huwasilishwa kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita, na faini ya mtu binafsi anayechelewa huanzia shilingi 2,000. Ukisahau miaka miwili, deni linakusubiri nyumbani.

Makaratasi: nakala tatu

Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha. Piga picha ya pasipoti, viza, mkataba na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho sasa hudumu maisha yote. Nakala moja ibaki kwenye barua pepe yako, ya pili ya karatasi ndani ya begi, ya tatu kwa mtu wa nyumbani asiyepoteza vitu.

Qatar, Saudia na Falme za Kiarabu haziruhusu mwajiri kukunyang'anya pasipoti, lakini jambo hilo hutokea. Mwenye nakala hufika ubalozini akiwa na pa kuanzia. Andika kwenye karatasi namba ya ubalozi wa Kenya ulio Riyadh, Doha au Abu Dhabi, pamoja na namba mbili za nyumbani. Simu ikizima au ikichukuliwa, karatasi haihitaji chaji.

Wiki moja kabla ya safari, jaribu kila kitu: tuma pesa kidogo, lipa bili moja, ingia kwenye barua pepe yako kwa simu ya mtu mwingine. Kikikwama, tupigie au fika dukani na kitambulisho chako. Ukiwa bado Kenya, tatizo la laini mara nyingi humalizwa kwenye dawati. Ukishapaa, huwa refu kama safari yenyewe.